Erich Kästner: alisimama akatazama vitabu vyake vikiungua

Haya familia, habari za nyumbani? Leo niko Berlin, Bebelplatz. Hao watalii mnaowaona wameinama wanachungulia kioo kilichotandazwa chini. Ndani kuna rafu nyeupe, tupu, za kutosha vitabu 20,000. Usiku wa tarehe 10 Mei 1933 wanafunzi wa Kinazi walichomea vitabu hapa, na Erich Kästner, mwandishi wa Kijerumani, alikuwa humo umatini akisikia jina lake likitajwa. Mwanamke mmoja akamtambua, akapiga kelele. Jamaa akaondoka.

Kazaliwa Dresden mwaka 1899. Baba fundi wa ngozi, kipato kidogo. Mama yake, Ida, akajifunza ususi ukubwani, akawa anawatengeneza wateja nywele chumbani kwake ili mwanawe asome. Mama huyo mtamkuta kwenye kitabu cha 1929, Emil und die Detektive: mama wa Emil naye msusi. Kijana anapanda treni kwenda Berlin na pesa za bibi, anaibiwa, na watoto wa mjini ndio wanaomfuatilia mwizi hadi benki. Ushahidi? Matundu ya pini kwenye noti, maana Emil alizibana kwenye koti. Raha tupu!

Wanazi walichoma vitabu vyake, lakini Emil wakamwacha kwanza, alipendwa mno. Wenzake wengi walikimbia nchi. Yeye akabaki. Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walimkamata mara mbili, wakamwachia. Alitaka kushuhudia yanayotokea kwa macho yake, na hakutaka kumwacha mama yake. Akaandika shajara ya siri kwa hatimkato. Ila pia aliandika filamu ya Münchhausen kwa jina la bandia, na studio ilikuwa ya utawala uleule. Hapo mimi namwekea alama ya kuuliza, jamani. Riwaya kubwa ya miaka ile iliyotarajiwa kwake haikutoka.

Baada ya vita akahamia Munich, na huko ndiko alikofariki mwaka 1974. Ile filamu ya Kimarekani, The Parent Trap, ya mapacha wanaobadilishana nyumba? Asili yake ni kitabu chake cha 1949. Wazazi wameachana, na humo humo anawaambia wasomaji wadogo kwamba wapo watoto wanaoumia kwa talaka, na wapo wengi wanaoumia kwa sababu wazazi hawaachani. Mwaka 1949! Niandikieni hapo chini: kitabu hicho mngempa mtoto wa darasa la nne?