Waandishi Waliokunywa Maji ya Mvumi

Mbukwenyi! Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na leo nalisema tena. Mwambie mwanafunzi wa Dodoma ataje mahali palipoingia kwenye vitabu vikubwa. Atataja Zanzibar, Lamu, London. Mvumi, kijiji cha hukuhuku Dodoma, hataitaja. Na Mvumi imo!

Mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipita huku akimtafuta mmisionari Livingstone. Alivuka nyika ya Marenga Mkali akiwa na homa, akatokea Mvumi. Mwaka uliofuata kitabu chake kikatoka, kikasomwa Ulaya na Marekani. Anasema nini kuhusu Ugogo, nchi hii ya Wagogo? Analalamikia hongo, yaani ushuru wa kupita: kila mtemi anataka doti zake za nguo ndipo msafara upite. Richard Burton, huyu aliyekuja kutafsiri Alfu Lela Ulela kwa Kiingereza, alipita Ugogo mwaka 1857, na kilio chake ni kilekile.

Hapa msinikimbize. Stanley alikuwa ameungana na misafara ya Waarabu, watu mamia, na punda juu. Wametoka nyikani, wanataka maji, wanataka mtama na uwele. Ninyi mnakijua kiangazi cha hapa. Mnajua kisima cha korongoni: unafukua mchanga, unachota kata mbili tatu, unakaa kusubiri maji yachuruzike tena, na nyuma yako kuna foleni ya akina mama na ng'ombe. Kisima hicho kina wenyewe. Mtemi akisema lipa kwanza, huyo ndiye mnyang'anyi?

Kuna atakayesema: mwalimu, unawatetea watemi, walizidisha mno. Yawezekana walizidisha. Lakini mtoto wa Mvumi akiachiwa ukurasa ule peke yake, atabaki na lawama za mgeni. Mpeleke korongoni kwanza, ashike kata, kisha msomee. Atauliza maswali ambayo Stanley hakujiuliza.

Mvumi hiyohiyo ilimpokea Paul White mwaka 1938, daktari kutoka Australia. Alitibu watu kwenye hospitali ya misheni hadi 1941, akarudi kwao akaandika vitabu vya watoto vilivyotafsiriwa kwa lugha nyingi duniani. Mibuyu yetu imo, nyani wamo, twiga yumo. Mahubiri pia yamo, na jicho la mmisionari wa zama zile. Sawa, tusome tukilijua hilo. Kususa kitabu kilichozaliwa kijijini kwako ni hasara tupu.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Lakini mshairi Mathias Mnyampala simwachi. Mgogo, mzaliwa wa Ihumwa, 1917. Ngonjera mnazowakaririsha watoto akija mgeni rasmi, huyu ndiye mwasisi wake. Na mwaka 1954 alitoa kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, kwa Kiswahili. Mnapita Ihumwa kila mkienda Chamwino, na hakuna mwanafunzi anayeambiwa atazame dirishani!

Ombi langu ni la muhula ujao: Stanley na Mnyampala wasomwe kipindi kimoja, darasa moja, kurasa zao kuhusu Ugogo zikiwa pamoja mezani. Kurasa za Stanley nitazitafsiri mwenyewe, nakala nitatoa. Walimu wa Mvumi mliopo, tuonane hapa mbele kabla hamjaondoka.