Hereni ya Ng'ombe Haina Betri

Mhadhara wa wazi, Morogoro, mbele ya wafugaji, maafisa ugani na wanafunzi wa ufundi

Wazee wangu, kina mama, ndugu maafisa ugani na vijana wangu wa ufundi: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Naomba niseme itifaki imezingatiwa, maana mambo ni mengi.

Kabla sijafika hapa mbele, mzee mmoja alinishika mkono pale mlangoni, akatoa mfukoni hereni ya njano ya ng'ombe, ile ya kielektroniki ya utambulisho inayovishwa sikioni, iliyokatika shina. Akaniuliza, "Mwanangu, hiki kidude kinawaonyesha huko juu ng'ombe wangu walipo?" Akaelekeza kidole angani. Nilikuwa nimejiandaa kuanza na historia. Nimeiweka pembeni, naanza na hereni ya mzee.

Hii hapa. Ndani ya kitufe hiki cha mviringo kuna waya wa shaba mwembamba kama unywele, umezungushwa mara nyingi mpaka ukawa koili. Kuna chipu ambayo ukiidondosha kwenye mchanga huioni tena. Aina nyingine zina pia kapasita ndogo ya kushika chaji kwa kitambo. Basi. Hakuna betri, hakuna laini ya simu, hakuna chochote cha kuzungumza na setilaiti. Ng'ombe akilala porini, hereni nayo imelala. Haitamki neno mpaka mtu aisogezee kisomaji, yaani kifaa cha kuisoma namba iliyomo ndani yake, na kwa kisomaji cha mkononi kama hiki changu itabidi asogee karibu kabisa, shibiri moja au mbili kutoka sikioni. Kwa hiyo mzee wangu, huko juu hakuna anayewaona ng'ombe wako kwa hereni hii.

Sasa bila betri inasemaje? Hapo ndipo pananifurahisha kila ninapofundisha, na nawaomba vijana msikilize vizuri. Kisomaji kina koili yake, na mkondo wa umeme ndani yake unakwenda na kurudi mara 134,200 kwa sekunde, yaani kilohezi 134.2. Mkondo unaobadilika hivyo unazalisha usumaku unaobadilika, na usumaku huo ukipita kwenye koili nyingine unaamsha umeme humo. Michael Faraday alilionyesha hilo mwaka 1831, na kila transfoma mnayoiona juu ya nguzo inafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba hapa koili moja umeishika wewe mkononi na nyingine iko kwenye sikio la ng'ombe.

Chipu ikishapata umeme huo kidogo, inajibu. Mmewahi kumwona mchimba kisima? Yeye yuko chini gizani, wewe uko juu umeshika kamba. Akitaka kukwambia jambo anaitikisa kamba: mara moja vuta, mara mbili ngoja. Nguvu yote ya kuvuta ni yako, yeye anatikisa tu na wewe unausikia mtikisiko mkononi. Chipu nyingi za hereni zinafanya hivyo. Zinaufanya usumaku wa kisomaji uwe mzito kidogo, kisha mwepesi, kisha mzito, kwa mpangilio maalumu, na kisomaji kinausikia uzito huo kikiutafsiri kuwa namba. Zile zenye kapasita zinasubiri kisomaji kinyamaze kwanza, halafu zinaitumia ile chaji ziliyopewa kujibu.

Vijana, hili msiliamini kwa maneno yangu. Chukueni waya wa shaba wa mota iliyoungua, zungusheni mizunguko minne au mitano yenye upana wa chupa ya soda, ungeni LED moja, ile taa ndogo ya kielektroniki, kwenye ncha zake, kisha wekeni nyuma ya simu yenye NFC iliyowashwa, yaani uwezo wa kusoma kadi kwa kuigusisha. Sogezeni taratibu mpaka mpate mahali pake. LED itamemeta bila waya wowote kugusa simu. Inamemeta badala ya kuwaka mfululizo kwa sababu simu inapiga hodi kila mara kuuliza kama kuna kadi karibu. Masafa ya simu, yaani kasi ya mkondo kwenda na kurudi, ni megahezi 13.56, ya juu sana kuliko ya hereni, lakini kanuni ni ile ile.

Teknolojia hii kwa jumla inaitwa utambuzi kwa mawimbi ya redio, au RFID kama wengi tunavyoitamka. Si ya juzi. Agosti 1945 watoto wa Kisovieti walimzawadia balozi wa Marekani mjini Moscow, Averell Harriman, nembo ya nchi yake iliyochongwa kwenye mbao. Akaitundika kwenye makazi yake. Ndani ya mbao ile kulikuwa na kinasa sauti kilichobuniwa na Léon Theremin, hakina betri wala waya. Wasovieti walikuwa wakikimulika kwa mawimbi ya redio kutoka nje ya jengo, na mawimbi yakirudi yamebeba mazungumzo ya ndani. Hakikugundulika mpaka mwaka 1952, kwa sababu asipokimulika mtu kilikuwa kimya kabisa. Ile haikuwa namba, ilikuwa sauti, lakini mzazi wa hereni hii ndiye yule. Miaka ya 1970 wataalamu wa maabara ya Los Alamos huko Marekani walifanyia kazi vitambulisho vya redio vya ng'ombe, na mwaka 1973 Charles Walton alipata hataza, yaani haki ya mbunifu, ya kufungua mlango kwa kadi isiyo na betri.

Leo vitu hivi viko mifukoni mwetu, na wengi hatujui tunavyo. Anayevuka kwa kivuko kwenda Kigamboni akagusisha N-Card, ile kadi ya kulipia nauli, pale getini ameitumia. Pasipoti zetu za kielektroniki, zilizoanza kutolewa Tanzania mwaka 2018 na Kenya mwaka mmoja kabla, zina chipu ndani. Na hapa niseme kitu kinachotuliza moyo. Chipu ile haifunguki kwa kila anayepita na kisomaji. Afisa huisoma kwanza ile mistari miwili ya herufi na namba chini ya ukurasa wenye picha, na kutokana na namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kuisha muda, mashine inatengeneza ufunguo wa kuombea ruhusa. Pasipoti iliyofungwa kwenye mkoba haimpi mtu jina lako.

Ufunguo wa gari nao. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua gari lililotumika, la Kijapani, likaja na ufunguo mmoja. Nikaenda kwa mchonga funguo wa mtaani akanichongea wa pili. Ule mpya ukafungua mlango, ukapiga starter, lakini gari likawa linawaka sekunde moja na kuzima. Fundi niliyempelekea akabadilisha pampu ya mafuta. Halikuwaka. Akabadilisha plagi. Halikuwaka. Nimeshalipa hela za watu ndipo nikaujaribu ufunguo wa zamani, gari likanguruma. Kwenye kichwa cha ule wa zamani, ndani ya plastiki, kulikuwa na chipu nyeusi yenye umbo la kabari. Koili inayouzunguka mdomo wa swichi ilikuwa ikiiuliza na kupata jibu. Ufunguo mpya ulikuwa chuma tu. Mimi ninayefundisha haya darasani ndiye niliyenunua pampu nisiyoihitaji, na inaniuma mpaka leo. Kwa hiyo wenye magari, mkichonga ufunguo ulizeni kwanza: una chipu au hauna?

Nirudi kwa ng'ombe, maana huko ndiko kuna kazi.

Mifugo yetu tumeitambua siku zote. Kuna koo zinazokata sikio kwa mtindo wao, kuna chapa ya moto. Chapa inaonekana kwa mbali na haidondoki, hilo ni jema lake, lakini inaharibu ngozi, inamuumiza mnyama, na inakwambia kundi au wilaya bila kukwambia ng'ombe yupi. Sheria yetu ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo ni ya mwaka 2010, na Juni 2025 kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi ilizinduliwa Bariadi, Simiyu. Ndiyo maana hereni hizi mnaziona sasa kwenye maboma.

Namba iliyomo ndani ina tarakimu 15. Kwa utaratibu wa kimataifa, tatu za mwanzo zinaweza kuwa za nchi, Tanzania ni 834 na Kenya ni 404, au zikawa za kiwanda kilichotengeneza. Zinazobaki 12 ni za mnyama mwenyewe. Nafasi iliyotengwa inatosha wanyama zaidi ya bilioni 274 kwa kila nchi, kwa hiyo hakuna sababu ya ng'ombe wawili kugongana namba.

Mtu ataniuliza, mbona tusitumie zile za masafa ya juu zinazosomeka kutoka mita kadhaa, kama za maghala na za kifuani mwa wakimbiaji wa marathoni? Zinatumika kwingine, lakini mwili wa ng'ombe umejaa maji, na maji yanayanywa mawimbi yale. Masafa ya chini yanapenya nyama na tope bila shida. Botswana, ambao wanauza nyama Ulaya na wanatakiwa kuonyesha kila mnyama alikotoka, mwanzoni mwa miaka ya 2000 walitumia hata kidonge cha kauri chenye chipu, ng'ombe anakimeza na kinatulia tumboni maisha yake yote. Kisomaji kilikisoma kupitia ubavu. Baadaye wakahamia kwenye hereni.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini, kwa kuwa hili ndilo lililonileta. Hereni haijui kitu. Haijui ng'ombe ni mweupe au mwekundu, haijui amechanjwa, haijui ni wako. Inajua namba moja tu. Yote mengine yako kwenye mfumo, yaani kwenye daftari ambalo mtu ameandika kwamba namba hii ni mtamba wa fulani, wa kijiji fulani, kachanjwa siku fulani. Daftari likikosewa, hereni itausema uongo huo kila siku bila kuchoka.

Shemeji yangu alinunua mtamba mnadani. Hereni ipo, nzuri, haijachubuka. Alipotaka kibali cha kumsafirisha, namba ikasomwa, na kwenye mfumo ikasoma jina la mtu ambaye shemeji hajawahi kumwona. Mtamba alikuwa ameshauzwa mara mbili na hakuna aliyebadilisha jina. Shemeji, mwenye risiti ya mnada mkononi, akakaa siku mbili akijieleza kama mwizi, mtamba amefungwa kwenye mti bila majani ya kutosha. Kifaa kilifanya kazi sawasawa, hakikukosea tarakimu hata moja. Watu watatu ndio hawakuandika.

Kwa hiyo mkinunua au kuuza, msiondoke mnadani kabla jina halijabadilishwa. Ng'ombe akifa au akichinjwa, namba yake ifungwe. Namba ya marehemu iliyo hai kwenye mfumo ni mali ya mwizi, maana hapo atapata mahali pa kumficha ng'ombe wa wizi.

Na nyie wa maofisini, kadi za milango za kilohezi 125 ni hivyo hivyo, nyingi zinataja namba tu kwa yeyote anayeuliza, na kifaa cha bei ndogo kinaweza kuinakili kadi kwa sekunde chache. Hata MIFARE Classic, aina maarufu ya kadi za kugusisha zenye ulinzi wa siri, watafiti wa chuo kikuu cha Nijmegen, Uholanzi, walionyesha mwaka 2008 jinsi siri yake inavyovunjwa. Kiwanda kilikwenda mahakamani kuwazuia wasichapishe, na mahakama ikakataa. Mlango wa chumba cha dawa au cha mitihani usiachiwe kadi peke yake.

Mzee wangu, ile hereni yako bado ninayo. Imekatika shina, kwa hiyo haifai kurudishwa sikioni, na hivyo ndivyo ilivyokusudiwa, ili asiwepo wa kuihamisha kwa ng'ombe mwingine. Lakini chipu ni nzima. Nasogeza kisomaji... mmesikia mlio. Nane, tatu, nne, kisha hizi kumi na mbili. Ng'ombe wako atavishwa mpya, na afisa ugani aandike kwamba namba mpya imechukua nafasi ya hii, ili chanjo zake zisipotee. Afisa yuko kule mstari wa tatu, ameshanyoosha mkono. Jina lako kamili, mzee, ili tuone kama ndilo lililoandikwa.