Kuzuia umeme tuli kwenye mikanda ya rili

Karibuni. Mezani leo tuna mkanda wa sumaku wa kurekodia sauti, upana robo inchi, rili ya inchi 7, poliesta. Utazameni mgongo wake: unang'aa. Ungekuwa mweusi, uliofifia, ungekuwa na kaboni inayopitisha umeme na tungepumua. Huu wa kung'aa ndio unaokusanya chaji, yaani umeme tuli.

Kwanza hewa. Haigromita, kipima unyevu, inasoma asilimia 28. Mchana wa kiangazi Dodoma hukausha hivi. Tunataka 40 hadi 50. Tundika taulo mbichi chumbani, mbali na mashine. Usipitilize: unyevu ukizidi, gundi inayoshika unga wa sumaku hunyonya maji, mkanda ukaanza kunata. Wenzetu wa Mombasa, adui yenu ni huyo, pamoja na ukungu.

Ethi, yaani njia ya kupeleka chaji ardhini. Plagi ya mashine hii ina pini mbili, kwa hiyo haina ethi. Nyuma kuna skrubu imeandikwa GND. Vuta waya kutoka hapo hadi skrubu kama hiyo kwenye amplifaya yenye plagi ya pini tatu. Mkononi, bangili ya ethi yenye rezista ya megaomu 1. Usifunge waya mtupu mkononi! Rezista ndiyo inayokulinda ukigusa umeme wa ukutani.

Safisha hedi, kichwa kinachosoma mkanda, pitisha mkanda, twende. Usiufute kwa kitambaa kikavu, wala usiupulizie dawa yoyote.

Sasa sikilizeni vizuri: usirudishe kwa kasi. Mkanda ukikimbia, tabaka zinasuguana na kuachana haraka, na chaji inazaliwa hapo. Uache ufike mwisho kwa mwendo wa kucheza, sentimita 19 kwa sekunde. Futi 1,200 ni dakika 32. Vumilia. Narudia, usirudishe kwa kasi!

Ngoja, kamera sogea. Mnaona ule mzunguko uliochomoza pembeni? Tabaka zimesukumana kwa chaji. Usiukandamize kwa kidole, utakunja ukingo. Simamisha, subiri unyevu upande, kisha uzungushe tena polepole.

Ukisikia "tik, tik" kwenye hedifoni, cheza kipande hicho upya. Mlio ukihama au kutoweka, ni umeme tuli unaoruka. Sauti iliyorekodiwa haijafutika. Ukibaki palepale, umo ndani ya mkanda.

Ukimaliza, usiurudishe mwanzo. Uhifadhi hivyohivyo, mwisho ukiwa nje, na uandike "MWISHO" kwenye boksi.