Farasi Akikojoa Kahawa: Bonyeza Matako Kabla ya Kutafuta Kupe

(Mazungumzo na watunza farasi, Usa River, Arusha)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo.

Wengi wetu tumekulia kwenye mazizi ya ng'ombe. Ng'ombe anayekojoa damu tunamjua tangu utoto, kwa hiyo farasi akitoa mkojo mweusi, mdomo unawahi kusema: kupe, yaani ugonjwa unaoletwa na kupe. Hata mimi nilisema hivyo.

Ilikuwa masika. Njia zimejaa tope, farasi wamekaa bandani siku 3, na mimi namwaga pumba na mahindi kwa kipimo kilekile cha siku za kazi. Siku ya 4 jua likatoka, mgeni akampanda jike mmoja, wakaondoka mbio. Hawakufika mbali. Nilimkuta anatiririka jasho, miguu ya nyuma haikunjiki, misuli ya matako migumu kama ubao. Akakojoa: kahawa tupu, ile ya kijiweni. Nikasema kupe, nikamkokota kwa miguu hadi nyumbani. Hapo ndipo nilipoharibu, maana kila hatua ilizidi kuivunja ile misuli.

Misuli ikivunjika humwaga kwenye damu mayoglobini, kitu kinachoipa nyama wekundu wake. Figo hukichuja, mkojo hugeuka kahawia, na figo zenyewe huumia, hasa mnyama akiwa amekaukiwa maji. Ulaya zamani waliuita ugonjwa wa Jumatatu: farasi wa mikokoteni alipumzika Jumapili huku akila shibe yake yote, Jumatatu akakwama kazini.

Basi ukiona hivyo, simama hapohapo. Mvue tandiko, mpe maji, mpigie daktari wa mifugo, tafuta gari la kumbeba. Na dawa ya maumivu msimchome farasi wenyewe, jamani. Fenilibutazoni, mojawapo ya dawa hizo, kwa farasi mwenye kiu inaweza kuzimaliza figo. Yule jike alipona, lakini si kwa ujanja wangu.

Kupe wapo, sikatai. Ila farasi wa kupe mara nyingi ana homa, joto limepita nyuzi 38.5, ufizi umepauka au una umanjano, na ukimbonyeza matako ni laini. Kinga mkojo kwenye chupa ya kioo, uache utulie. Damu yenyewe hutuama chini; ikija hivyo baada ya safari, mimi hufikiria jiwe la kibofu. Rangi ikibaki ileile juu hadi chini, ni misuli au ni chembe za damu zilizopasuka mwilini, kama kwa ugonjwa wa kupe, na hapo apimwe damu maabara.

Kijana wa nyuma anauliza kuhusu maranda ya kulalia farasi yanayokutwa mekundu asubuhi. Swali zuri. Mkojo wa farasi mzima ni mzito, una ukungu kama togwa, na ukikaa kwenye hewa hugeuka rangi ya kutu. Usimwite daktari kwa ajili ya maranda. Msubiri akojoe mbele yako, kisha uangalie.