Kazi ya Mkulima Aliyechaguliwa Kuwasemea Wenzake

Ndugu wenyeviti, makatibu na wajumbe wa vyama vya wakulima, leo nitaanzia kwenye malalamiko, maana kazi yenu huanzia hapo, na mara nyingi huharibikia hapo hapo.

Mwanachama anasimama mkutanoni na kusema, "Wanunuzi wanatuibia kwenye unyevu!" Ukumbi mzima unapiga makofi. Kiongozi anaichukua sentensi hiyo kama ilivyo, anaipeleka wizarani, anajibiwa kwa adabu kwamba suala linafanyiwa kazi. Limekwisha. Ofisa hana la kufanya na neno "wanatuibia".

Sasa tupige hesabu ya makato ya unyevu, yaani uzito ambao mnunuzi hupunguza mahindi yakiwa na maji kupita kiwango. Tuseme mkulima amepeleka kilo 10,000 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 18, na mkataba unadai asilimia 13.5. Nafaka kavu ndani ya mzigo huo ni asilimia 82, yaani kilo 8,200. Zigawe kwa 0.865, unapata kilo 9,480 hivi: huo ndio uzito wa mahindi yale yale yakikaushwa hadi kiwango cha mkataba. Maji yaliyozidi ni kilo 520. Kama mnunuzi amekata asilimia 10 kwa jina la unyevu, amechukua kilo 1,000, na kati ya hizo kilo 480 si maji. Atasema kukausha kuna gharama, na punje nyingine hupotea. Ni kweli, ana haki ya kuzidai. Azidai basi kwa jina lake, kwenye mstari wake ndani ya stakabadhi, zisifichwe ndani ya unyevu.

Hapo sasa kuna hoja, na ina madai matatu: makato ya uzito yafuate hesabu hiyo; gharama ya kukausha ionekane kando; na vipima unyevu vikaguliwe na mamlaka ya vipimo kabla ya msimu wa kununua. Ofisa akiisoma anajua anaombwa afanye nini.

Ushahidi wake ni stakabadhi. Zikusanywe za wanunuzi mbalimbali, zenye tarehe, uzito, kipimo cha unyevu na makato. Zile zisizoonyesha kipimo kabisa msizitupe, ziwekeni fungu lake, kwa kuwa zinathibitisha kwamba watu wanakatwa bila kupimwa. Majina ya wanachama yafunikwe kabla ya kutoa nakala. Mwanachama akijulikana na mnunuzi wake, msimu ujao hamtapata stakabadhi hata moja.

Baada ya hapo ulizeni nani ana uwezo wa kubadilisha jambo hilo. Viongozi wengi wapya hukimbilia kwa mbunge. Mbunge hushughulika na sheria, lakini kero nyingi za mkulima zimo kwenye kanuni anazosaini waziri, au kwenye waraka wa idara, au hazimo popote: sheria ni nzuri, haisimamiwi tu. Hoja yetu ya unyevu huenda haihitaji muswada wowote. Huenda inahitaji kanuni moja irekebishwe na wakaguzi waende ghalani. Kuomba sheria mpya mahali ambapo ya zamani haijasimamiwa ni kujitafutia miaka ya kusubiri.

Kuhusu bajeti nitasema kwa kifupi. Ikishasomwa bungeni, nafasi ya kuongeza fungu ni finyu mno. Nendeni wizara inapoandaa makadirio, miezi mingi kabla, na mjue fungu lenu liko kifungu gani.

Sasa tuje kwenye jambo linalovunja vyama: mamlaka ya aliyekaa mezani. India, mwezi Septemba 2020, zilipitishwa sheria tatu za biashara ya mazao ambazo vyama vingi vya wakulima vilizipinga. Mazungumzo na serikali yalikwenda raundi baada ya raundi. Januari 2021 serikali ikatoa pendekezo la kuzisimamisha sheria hizo kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Kwa mtu aliyechoka, hilo ni pendekezo la kushawishi. Wawakilishi hawakulikubali pale mezani. Walilirudisha kwenye baraza la muungano wao, Samyukta Kisan Morcha, na kesho yake muungano ukalikataa. Novemba 2021 sheria zikafutwa. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu sheria zenyewe. Mimi nataka mtazame utaratibu. Mtu mmoja akisema "sawa" chumbani, hata kama ni sawa kweli, wenzake watasema amenunuliwa, na chama hakitaweza kumtetea.

Kwa hiyo kabla ya kikao chochote, bodi iandike karatasi moja: tunachodai, tunachoweza kukipokea ili tukirudishe kwa wanachama, na tusichokubali kwa hali yoyote. Waende watu wasiopungua wawili, mmoja akisema, mwingine akiandika. Taarifa iwafikie wanachama siku chache baada ya kikao, hata kama hakuna lililopatikana. Ukimya wa wiki mbili unatosha kabisa kuzalisha uvumi.

Je, kiongozi akiwa pia wakala wa mbolea, na ajenda ni ruzuku ya mbolea? Atamke maslahi yake, atoke nje ya chumba, na muhtasari uonyeshe alitoka saa ngapi na akarudi saa ngapi. Kukaa kimya kwenye kiti wakati wengine wanapiga kura hakutoshi.

Fedha nazo zina mipaka. Marekani, mkulima wa soya hukatwa nusu ya asilimia moja ya bei ya mauzo yake, chini ya sheria ya mwaka 1990, kwa ajili ya utafiti na kutafuta masoko. Fedha hizo zinasimamiwa na bodi ya wakulima wenzake, na haziruhusiwi kutumika kushawishi sheria. Utetezi hulipiwa kutoka mfuko mwingine, wa michango ya hiari. Hata pasipo sheria kama hiyo, tenganisheni akaunti. Mfadhili aliyetoa fedha za mafunzo akizikuta zimelipia nauli za kwenda bungeni, hata kama safari ilikuwa halali, mtakuwa mmempa sababu ya kuondoka.

Wajumbe wa bodi hiyo ya soya huhudumu vipindi vya miaka mitatu, visivyozidi vitatu mfululizo. Miaka tisa, kwa maoni yangu, inatosha kujifunza na kufundisha. La Via Campesina, vuguvugu la wakulima wadogo lililoanza mwaka 1993, limegusa pia nafasi ya wanawake: kwenye kamati yake ya uratibu kila kanda hutoa mwanamke mmoja na mwanamume mmoja. Katiba ikisema tu kwamba "wanawake wahamasishwe kugombea", matokeo mnayajua.

Mwisho ni shamba la kiongozi mwenyewe. Vikao havisubiri kupanda wala kuvuna. Chama kisipolipa nauli na fidia ya siku za kazi, watakaoweza kuongoza ni wale tu wenye vibarua wa kutosha nyumbani, na hoja zitafuata ukubwa wa mashamba yao. Wekeni kiwango cha fidia kwenye kanuni za chama, kilingane na ujira wa kibarua atakayeziba pengo, kilipwe kwa mahudhurio yaliyosainiwa. Kila mjumbe awe na mbadala aliyechaguliwa pamoja naye siku ile ile, anayepata makabrasha yale yale. Mbadala anayeletwa asubuhi ya kikao hupiga kura kwa kutazama mkono wa jirani.

Tuna nusu saa ya maswali. Waliokuja na stakabadhi zao waanze.