Asipoleta Hesabu Siku Tatu

MWALIMU: Karibuni tena, tuko Sinza, Dar es Salaam. Mvua imeanza, mkisikia bati linapigwa ndiyo hiyo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, mwenzangu ni wakili.

WAKILI: Shikamoo, Mwalimu. Nanyi mnaotusikiliza, habari za jioni.

MWALIMU: Marahaba. Leo nimekuja na karatasi. Ni mkataba wa pikipiki wa mpwa wangu wa Mbagala, ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono, mashahidi wawili. Hebu soma mstari wa nne.

WAKILI: "Dereva asipoleta hesabu siku tatu mmiliki atachukua pikipiki." Umeishia hapo?

MWALIMU: Umeishia hapo. Kwa walio mbali na mambo haya: pikipiki ya mkataba, mwenye chombo anakukabidhi, unampelekea hesabu kila siku, yaani fedha za siku hiyo, na ukimaliza kiasi mlichopatana chombo kinakuwa chako. Kijana alikuwa amepeleka hesabu miezi saba. Januari akakosa siku moja, homa. Machi siku moja, Jangwani maji yamejaa, barabara imefungwa. Aprili siku moja, injini imegoma. Jioni ileile mwenye pikipiki kaja kuichukua. Anasema siku tatu zimetimia.

WAKILI: Na mpwa wako anasema ni siku tatu za kufuatana.

MWALIMU: Enhe. Na wote wawili wanasoma mstari uleule. Nilikaa na karatasi hii usiku nikaichambua kama ninavyochambua sentensi ubaoni. Kishazi ni kundi la maneno lenye kitenzi ndani yake. Hapa viko viwili. "Mmiliki atachukua pikipiki", hicho ni kishazi huru, ukikisema ukanyamaza mtu ameelewa. "Dereva asipoleta hesabu siku tatu", ukinyamaza hapo mtu anakutazama: asipoleta, kisha? Hicho ni kishazi tegemezi, na kinachokifanya kitegemee ni silabi mbili tu, -sipo-. Darasani tunafundisha kwamba kishazi tegemezi kinakiegemea kishazi huru. Lakini kwa kijana yule, miezi saba ya jasho imeegemea kwenye -sipo-.

WAKILI: Mimi huko ndiko ninakoanzia kusoma kila mkataba. Mteja anakimbilia "atalipwa" au "atachukua". Mimi natafuta kwanza "endapo", "isipokuwa", "iwapo", -ki-, -po-, -sipo-. Na nyinyi kwenye sarufi mnaita hali ya masharti, sivyo?

MWALIMU: Ndiyo, -ki-, -nge-, -ngali-.

WAKILI: Sisi tunaita masharti ya mkataba. Neno ni moja. Ila majina ya vipande vyenyewe ndiyo yanayowachanganya watu. Katiba ina ibara. Sheria iliyotungwa na Bunge ina kifungu, ndani yake kifungu kidogo, halafu aya. Kwenye mkataba watu wengi wanasema kipengele. Kiingereza kina neno moja kwa kishazi chako na kwa kipengele changu, na mtu akitafsiri bila kuangalia anaweza kuandika kishazi penye kifungu. Nashukuru kwamba lugha yetu imevitenga. Kifungu kimoja kinaweza kubeba vishazi sita.

MWALIMU: Ni fungu, kama fungu la nyanya pale sokoni. Muuzaji ndiye anayepanga ngapi zikae pamoja.

WAKILI: Na akishapanga, unanunua fungu zima. Lakini Mwalimu, si kila kinachofunga haki kina kitenzi kama unavyotaka. Ibara ya 18 ya Katiba ya mwaka 1977, ile ya uhuru wa maoni, zamani ilianza hivi: "Bila ya kuathiri sheria za nchi, kila mtu yuko huru..."

MWALIMU: "Bila ya kuathiri sheria za nchi." Hicho ni kirai, kundi la maneno lisilofika kuwa kishazi.

WAKILI: Kirai tu! Lakini kilimaanisha uhuru wako unaishia pale sheria yoyote itakapoamua uishie. Bunge likitunga sheria ya kubana, Katiba yenyewe imeshaipa nafasi. Wanasheria walikilalamikia miaka mingi, na marekebisho ya mwaka 2005 yakakiondoa. Sasa ibara inasema kila mtu anao uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Bado ziko ibara nyingine zinazoweka mipaka, sitaki kumdanganya mtu. Ila maneno sita yale yalikuwa mazito kuliko yote yaliyoyafuata.

MWALIMU: Nitalitumia hilo darasani kesho.

WAKILI: Tumia na la Kanada. Kampuni mbili, Rogers na Aliant, zilikuwa na mkataba wa kutumia nguzo za kupitishia nyaya. Mkataba unasema utadumu miaka mitano, na baada ya hapo miaka mitano mingine mfululizo, mkato, isipokuwa upande mmoja utoe notisi ya mwaka mmoja. Swali: ile "isipokuwa" inagusa wapi? Miaka mitano ya mwanzo pia, au ile inayofuata tu?

MWALIMU: Mkato ndio utakaosema.

WAKILI: Mwaka 2006 tume ya mawasiliano ya huko ikasema hivyohivyo: kwa sababu ya mkato, notisi inaweza kutolewa hata ndani ya miaka mitano ya mwanzo. Rogers, ambao hawakutaka mkataba uvunjwe mapema, wakarudi na nakala ya Kifaransa ya mkataba huo, ambayo haikuwa na utata. Mwaka 2007 tume ikageuza uamuzi.

MWALIMU: Lugha ya pili ndiyo iliyowaokoa.

WAKILI: Ndiyo maana nalisema sana hapa kwetu. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 lugha ya sheria na mahakama ni Kiswahili, lakini mikataba mingi mjini bado inaandikwa kwa Kiingereza, au kwa lugha zote mbili ubavu kwa ubavu. Andikeni ndani yake ni nakala ipi itakayoshinda zikipishana.

MWALIMU: Na Kiswahili kina silaha yake hapo, ngeli. Nikisema "pikipiki ya dereva ambayo haijalipiwa" na "pikipiki ya dereva ambaye hajalipa", hakuna wa kubishana nani au nini. Irabu ya mwisho ya amba- imeshajibu. Balaa ni pale nomino mbili zikiwa za ngeli moja: "dereva wa mmiliki ambaye hajasaini". Nani hajasaini? Hapo usitumie amba-. Rudia jina hata kama sentensi inakuwa ndefu na mbaya masikioni.

WAKILI: Mbaya masikioni, nzuri mahakamani. Sasa mpwa wako iliishaje?

MWALIMU: Tulikwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mzee yule akauliza swali moja: nani aliyeandika karatasi? Mwenye pikipiki. Akamwambia, basi wewe ulikuwa na nafasi ya kuongeza neno moja na hukuongeza.

WAKILI: Mzee amegusa kanuni ya kisheria kabisa. Maneno yenye utata yanaweza kutafsiriwa dhidi ya aliyeyaandika.

MWALIMU: Pikipiki ikarudi, kwa sharti waandike upya. Nimeuandika mimi huo mstari, naomba uupitie: "Dereva asipoleta hesabu kwa siku tatu mfululizo, bila kumpa mmiliki taarifa, mmiliki atachukua pikipiki."

WAKILI: "Mfululizo" ni sawa. "Bila kumpa taarifa", taarifa ya mdomo au ya ujumbe wa simu? Kabla siku ya tatu haijaisha, au hata baadaye? Na akishaichukua, zile hesabu za miezi saba zinakwenda wapi? Mstari hausemi.

MWALIMU: Hausemi kweli.

WAKILI: Wameshasaini?

MWALIMU: Wanasaini kesho saa mbili asubuhi. Ngoja nimpigie sasa hivi.