Nitumie Mguu Wako Kwenye Karatasi, Usinitumie Nambari

Hamjambo wapendwa. Leo narekodi nikiwa Nairobi, mtaa wa Umoja, sebuleni kwa mdogo wangu, kwa hiyo mkisikia honi mjue ni matatu zinaita abiria hapo nje. Nimekuja likizo ya wiki tatu kutoka Manchester.

Kabla sijapanda ndege simu yangu ilijaa maombi. Binamu anataka raba, nambari 42. Shangazi anataka viatu vyeusi vya kazini, anasema yeye ni 6. Jirani wa Mama anasema nimletee vyovyote vile, mradi vimetoka ng'ambo. Sikuleta hata jozi moja, na najua kuna walionuna. Naomba mnisikilize sababu yangu, hasa nyinyi mnaosimama kutwa nzima: makeshia, wauguzi, walimu, walinzi, wasusi, wahudumu wa hoteli.

Mimi kule natunza wazee. Naingia saa moja asubuhi, natoka saa moja usiku, na katikati ni kusimama, kuinama na kutembea. Nilipoanza nilivaa viatu nilivyonunua hapa mjini kabla ya kusafiri. Vyeusi, vizuri, soli nyembamba, vya kutumbukiza mguu bila kamba. Mwezi wa nne hivi nikaanza kuamka na maumivu kisiginoni. Ile hatua ya kwanza kutoka kitandani, ni kama nimekanyaga msumari. Nikitembea kidogo yanapungua, nikikaa nikisimama tena yanarudi. Nikajiambia ni uchovu. Nikavumilia, kama tulivyolelewa kuvumilia.

Mtaalamu wa viungo niliyemwona aliniambia nilete viatu ninavyovaa kazini. Hakuanza na mguu, alianza na kiatu. Akakishika mbele na nyuma akakikamua kama kitambaa cha kudekia, kikajisokota chote. Akaniambia: hiki hakikubebi, wewe ndiye unayekibeba. Kisha akanieleza kwamba chini ya unyayo kuna utando mnene unaotoka kwenye kisigino hadi kwenye vidole, ndio unaoshikilia upinde wa mguu. Ukisimama saa nyingi juu ya kitu chembamba, unavutwa na kuvutwa mpaka unaumia pale uliposhikana na kisigino. Usiku unajikaza, asubuhi ukikanyaga unavutwa ghafla. Kiatu kisicho na kamba kinaongeza tatizo, kwa sababu vidole vinajikunja kukishikilia kisichomoke, kutwa nzima, bila wewe kujua.

Nilipona, ila ilichukua miezi. Kunyoosha misuli ya mashavu ya miguu asubuhi na jioni, kuviringisha unyayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda, na viatu vipya. Hapo kwenye viatu vipya ndipo nilipopimwa mguu kwa mara ya kwanza maishani. Kule kuna maduka yenye chombo cha chuma cha kupimia, kile Mmarekani Charles Brannock alichokibuni miaka ya 1920. Unasimama juu yake, kinapima urefu na upana. Kumbe mguu wangu wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia, yote miwili ni mipana, na ile 39 niliyoivaa tangu sekondari haikuwa yangu. Mimi ni 40, tena ya upana.

Nani angenipima? Wengi wetu kiatu cha kwanza cha maana kilikuwa cha shule, Toughees za Bata, zile za kutoka Limuru. Mama aliingiza kidole nyuma ya kisigino, akasema chukua kikubwa utakikulia, akasokota gazeti akaliweka mbele. Na alifanya vyema, kiatu kilitakiwa kimalize miaka miwili. Lakini baada ya hapo tulipokua hakuna aliyetuambia kwamba sasa kipimo kibadilike. Tukabaki na nambari tuliyoikariri.

Na nambari, ndugu zangu, inadanganya. Shangazi, unisikie kwa upendo: 6 ya Uingereza ni kama 39 ya Ulaya. 6 ya wanawake ya Marekani ni ndogo kwa karibu nambari mbili. Ningekuletea ya Marekani usingeingiza hata vidole. Ukikunjua ulimi wa raba nyingi utakuta karatasi au maandishi yenye nambari tatu nne. Tafuta ile yenye herufi CM. Hiyo ni sentimita, na sentimita ni zile zile Nairobi na Manchester.

Sasa niwaambie kilichonifanya nirekodi video hii. Jumatatu mdogo wangu alirudi kutoka kazini saa tatu usiku. Yeye ni keshia katika duka moja mjini. Akakaa kwenye hiki kiti nilichokalia, akavua viatu, na mimi nikamwangalia miguu. Kidole kidogo kimelala juu ya mwenzake. Ubavuni kina sugu ya manjano, ngumu kama ukucha. Juu ya mguu ukingo wa kiatu umechimba mstari, na nyama imevimba pande zote mbili za huo mstari. Nikauliza, inauma? Akasema, imezoea. Ana miaka 26.

Usiku huo huo tukampima. Usiku ndio wakati wake, kwa sababu ukisimama kutwa maji ya mwili yanashuka miguuni, na mguu wa jioni ni mkubwa kuliko wa asubuhi. Kiatu kilichokutosha sawasawa saa tatu asubuhi kitakubana saa kumi. Nilibandua ukurasa wa kalenda ya mwaka jana, nikaulaza sakafuni ukagusa ukuta. Akasimama kisigino kikigusa ukuta, uzito wote kwenye mguu, si kwa kukaa. Nikazungusha kalamu nikiisimamisha wima, maana ukiilaza inaingia chini ya mguu na kipimo kinapungua. Wa kushoto sentimita 25.2. Wa kulia 24.8. Kiatu alichokuwa anavaa, ndani, kilikuwa na 24.5. Alikuwa anakunja vidole kwa saa tisa kila siku.

Jana alikuwa na mapumziko. Tukashuka Muthurwa, tukavuka Landhies Road, tukaingia Gikomba, soko la mitumba, mapema na karatasi yetu na soksi zake za kazini mfukoni. Kijana wa kwanza akamshikisha raba nyeusi. "Kastoma, hii ni kamera, haijavaliwa." Kamera kwao ni mtumba wa daraja la kwanza. Alisema kweli, soli haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Nikabonyeza ubavu wa soli kwa ukucha. Ukucha ukazama, na ufa mwembamba ukafunguka.

Hapa nataka mnisikilize vizuri sana. Kuna soli za povu linaloitwa poliurethani. Ni laini, zinabeba vizuri, lakini unyevu wa hewani unazila polepole hata kama kiatu kiko ndani ya boksi. Kiatu kinaweza kukaa stoo Ulaya miaka mingi, kikafika hapa kinang'aa, ukakivaa siku mbili soli ikamong'onyoka kama mkate mkavu. Mdogo wangu ilishamtokea Moi Avenue, akaenda kazini kisigino kimoja kimebaki njiani, akafikiri ameuziwa kiatu feki. Kilikuwa halisi, ila kimezeeka. Kwa hiyo bonyeza, kunja, angalia nyufa, gusa kama inanata. Usimkasirikie mwuzaji, naye huenda hajui.

Tulipata kibanda cha tatu. Kiatu cheusi cha ngozi, cha kamba, soli nene ya mpira yenye mifereji, maana anapopita wanadeki kila saa. Kwanza nikaomba mguu wa pili, kwa sababu pale kinachoning'inizwa huwa kimoja na yeye mkubwa wake ni wa kushoto. Nikavuta soli ya ndani nje, nikaiweka juu ya boksi, akasimama juu yake. Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, macho yako yanakuonyesha. Nyama ya mguu isimwagike nje ya ukingo, na mbele ya kidole kirefu zaidi ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kisha nikaminya nyuma, pale kisigino kinapokaa. Pawe pagumu. Nikakikunja. Kikunjike pale vidole vinapokunjikia, kikikatikia katikati kama daftari kirudishe. Nikajaribu kukikamua kama alivyofanya yule mtaalamu, kikakataa. Akavaa soksi, akafunga kamba, akatembea mpaka kwa muuza chai na kurudi. Kisigino hakikuchomoka.

Shilingi 1,800. Alitaka kingine chenye ulaini ndani, ukikibonyeza unahisi godoro. Nikamkatalia. Povu laini namna hiyo linakufurahisha ukijaribu, lakini likibebeshwa uzito kwa saa tisa linalala, unabaki umekanyaga soli tupu. Jioni fundi wa viatu hapa stejini akashona ubavu mzima kwa uzi wa nailoni, kwa sababu gundi ya Gikomba mimi siiamini mvua ikinyesha. Wiki ijayo tutatafuta jozi ya pili. Avae hiki leo, kile kesho, kila kimoja kipate siku ya kukauka.

Lakini kiatu hakimalizi mambo, na hili linaniuma. Kwenye kaunta ya mdogo wangu palikuwa na stuli. Ikaondolewa, eti keshia aliyekaa anaonekana mvivu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya mwaka 2007, inasema kwamba pale kazi inaporuhusu mtu kukaa bila kuiharibu, mwajiri aweke pa kukalia. Kupitisha unga na sukari kwenye mashine kunaruhusu. Muulizeni msimamizi, mkiwa wawili watatu, kwa adabu, na hiyo sheria mkiwa nayo kwenye simu. Mdogo wangu na wenzake wamepanga kuuliza Ijumaa.

Na kama una kisukari, kagua unyayo kila usiku, tia mkono ndani ya kiatu kabla ya kuvaa. Mguu uliokufa ganzi hauhisi kokoto. Kidonda usikisubiri, nenda kliniki.

Sasa, maombi yenu. Nasafiri Alhamisi ijayo, na nitarudi Desemba. Mama nimeshampima, mguu wake huu hapa, nauonyesha karibu na kamera: mnaona ule mfupa wa kidole gumba ulivyotoka nje? Huo hauonekani kwenye nambari. Shangazi, binamu, na wewe jirani, pimeni baada ya saa moja usiku, miguu yote miwili, mkiwa mmesimama, kisigino ukutani. Andikeni upi wa kulia na upi wa kushoto. Mnapiga picha karatasi ikiwa na rula pembeni, sentimita zionekane, mnanitumia kwa WhatsApp. Binamu, uandike pia sakafu ya kazini ni simiti au ni vigae, na kama huwa na maji.